Paipu za plastiki zilizokauka: namna ya kuziunganisha upya baada ya kufungua injini ya gari la zamani

Msomaji ameniandikia kwamba alifungua injini ya gari lake, lenye umri wa zaidi ya miaka 20, ili abadilishe gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) iliyokuwa ikivujisha oili. Gasketi imekaa vizuri, lakini wakati wa kufungua paipu tatu za plastiki zilimvunjikia mkononi: moja nyembamba ya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), kiwiko cha paipu ya kupumulia injini, inayotoa mvuke wa oili, na kiungo cha T kilichokuwa katikati ya mpira wa maji ya hita. Ya nne, inayotoka kwenye manifoldi ya hewa kwenda kwenye busta ya breki (kifaa kinachouongezea mguu nguvu kwenye breki), haijavunjika, ila ina ufa mwembamba kama unywele karibu na mdomo wake. Anauliza mambo matatu: kama anaweza kugundisha vipande, kama kuna njia ya kuzilainisha paipu zilizobaki ili zikubali kurudi mahali pake, na kama kweli analazimika kununua seti nzima ya paipu kwa gari ambalo lenyewe halina thamani kubwa tena.

Gundi, hapana. Kulainisha inawezekana, lakini kwa dakika chache tu, na kwa paipu ambayo bado ina uhai. Seti nzima si lazima, mradi ujue kila paipu inapitisha nini, kwa sababu paipu mbili zinazofanana kwa rangi na unene zinaweza kutofautiana kabisa katika madhara zitakayoleta zikiachia. Mtu akiniletea boneti iliyo wazi na paipu zilizovunjika, swali langu la kwanza huwa ni kinachopita ndani yake. Pale ilipovunjikia nitaangalia baadaye.

Paipu nyingi nyeusi na ngumu zinazoonekana juu ya injini ni za nailoni. Nailoni 11 na nailoni 12 hutumika zaidi katika paipu nyembamba zinazopinda, na nailoni 66, mara nyingi ikiwa imechanganywa na nyuzi za kioo, hutumika katika viwiko, viungo vya T na midomo ya matangi. (Nailoni 11 hutengenezwa kutokana na mafuta ya mbarika, kwa hiyo baadhi ya paipu hizi zilianzia shambani.) Paipu mpya inayopinda huwa na vilainishi vilivyochanganywa ndani ya plastiki yenyewe. Joto la chini ya boneti, ambalo karibu na ekzosti hupita nyuzi 100 za Selsiasi bila shida, huvifukuza vilainishi hivyo kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na wakati huohuo oksijeni huikata minyororo mirefu ya molekuli inayoipa nailoni unyumbufu wake. Penye maji ya rejeta kuna adui wa ziada: maji ya moto yenye glaikoli huikata minyororo hiyohiyo kutokea ndani, na ndiyo sababu kiungo cha T cha hita huweza kuonekana kizima kwa nje huku ukuta wake wa ndani umeshakuwa kama biskuti. Mabadiliko haya hayarudi nyuma. Hakuna dawa ya kupaka wala ya kuloweka itakayoiunga tena minyororo iliyokatika.

Kwa hiyo kabla ya kuunganisha chochote, pima hali ya kila paipu iliyobaki. Ishike kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali palipo mbali kidogo na mdomo, uibane polepole. Nailoni iliyo hai hubonyea kidogo kisha hurudi; iliyokwisha hukataa, halafu hutoa mlio mdogo mkavu, na hapo jibu umeshalipata. Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha kisu. Kata kipande kidogo cha mwisho wa paipu kwa wembe wa kukatia: plastiki iliyo hai hutoa unyoa mwembamba unaojikunja, na iliyokufa hutoa vumbi na chembe. Ukikata na kupata chembe, sogea sentimita moja au mbili nyuma ukate tena. Mara nyingi sehemu iliyo karibu na injini ndiyo iliyoungua, na nusu mita mbele yake, kuelekea ukuta wa kabini au kwenye bodi ya gari, paipu ileile bado inatoa unyoa safi. Hapo ndipo kiungo kipya kinapostahili kuanzia. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la mtu kuunganisha pale paipu ilipovunjikia, kana kwamba sehemu ya jirani ni nzima kwa sababu tu haijavunjika bado.

Gundi inashindwa kwa sababu zaidi ya moja. Supagluu hukauka ikawa ngumu kuliko paipu yenyewe, na katika kitu kinachotikisika muda wote na kupanuka kila injini inapopata moto, kiungo kigumu ndicho kinachopasuka kwanza. Epoksi hushika nailoni kwa shingo upande, tena kwenye plastiki iliyokwishanywa mvuke wa oili kwa miaka 20 hakuna usafishaji utakaoitoa oili yote. Na hata kama gundi ingeshika vizuri kabisa, ingekuwa imeshika plastiki mbovu, na ufa unaofuata ungetokea milimita tatu pembeni. Tepu ya umeme ni mbaya zaidi kwa namna moja: inaficha. Niliwahi, nikiwa bado ninajifunza kazi, kuzungushia tepu kiwiko cha paipu ya kupumulia ili gari liondoke siku hiyo. Lilirudi baada ya wiki mbili likiwa na sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayopanda na kushuka, na nilipoteza asubuhi nzima nikipima sensa moja baada ya nyingine, kwa sababu macho yangu yalipofika kwenye tepu niliyoifunga mwenyewe yaliona mahali palipokwisha kutengenezwa.

Kuhusu kulainisha, nailoni ina tabia moja inayotufaa: ikipata joto la maji yanayochemka hulegea, ilhali bado iko mbali sana na kuyeyuka, kwani nailoni 12 huyeyuka karibu na nyuzi 178 na nailoni 66 karibu na nyuzi 260. Chovya mdomo wa paipu ndani ya kikombe cha maji yaliyochemka kwa dakika moja au mbili, ufute, kisha uusukume mahali pake kwa mstari ulionyooka kabla haujapoa. Nailoni 66 ina faida nyingine ndogo: hunywa maji, hata kufikia takriban asilimia 8 ya uzito wake ikiachwa izame hadi ishibe, na maji hayo huipunguzia ukavu. Nailoni 12 hunywa chini ya asilimia 2, kwa hiyo usitegemee mengi kutoka huko. Faida hii yote ni ya kupita tu. Joto la injini litayatoa maji hayo, na paipu itarudi katika ukavu wake. Maji ya moto, basi, ni njia ya kuipitisha paipu iliyo hai mahali pagumu bila kuivunja, wala si matibabu ya paipu mbovu. Mashine ya kupuliza hewa ya moto hufanya kazi hiyohiyo, lakini inahitaji mkono mwepesi, kwa sababu huvuka nyuzi 178 kabla hujatambua. Moto wa wazi, iwe kiberiti au njiti ya gesi, usiulete karibu na injini yenye harufu ya petroli.

Kabla ya kugusa kiungo kingine chochote, tafuta vipande vya vile vilivyovunjika. Jambo hili hupuuzwa, nalo ndilo linaloweza kugeuza kazi ndogo kuwa ya kufungua silinda hedi. Tandaza kitambaa cheupe, upange juu yake vipande vyote vya kiwiko na uvijaribu kama vinakamilisha umbo lake. Pengo likibaki, kipande hicho kipo mahali fulani: kwenye sakafu, juu ya bloku, au ndani ya mdomo wa manifoldi, ambako injini itakivuta pindi itakapowaka. Ziba midomo iliyo wazi kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kikubwa kiasi cha kutoweza kumezwa, na ufyonze vumbi na chembe badala ya kuzipuliza kwa upepo wa kompresa. Kwa upande wa maji, kisiki cha T kilichobaki ndani ya mpira wa hita kinatoka kirahisi mpira ukibinywa kwa vidole pande zote hadi kikapasuka, kisha vipande vikatolewa kwa koleo lenye ncha nyembamba. Usivisukume ndani. Njia za maji katika kiini cha hita ni nyembamba mno, na kipande kinachoweza kukaa juu ya ukucha kinatosha kuziziba kadhaa.

Sasa tuanze na paipu nyembamba ya vakyumu, kwa sababu ndiyo inayotengenezeka vizuri kuliko zote. Ikate nyuma hadi upate unyoa safi. Pima kipenyo cha nje cha paipu na cha mdomo inakoingia kwa kutumia kalipa, halafu tafuta mpira wa vakyumu ambao kipenyo chake cha ndani ni kidogo kuliko hivyo kwa sehemu ndogo ya milimita, ili uhitaji nguvu kidogo kuuvisha. Ikiwa sehemu mbovu ni fupi, kipande kimoja cha mpira kinaweza kuchukua nafasi yake yote, kikivishwa kwenye mdomo wa manifoldi upande mmoja na juu ya nailoni nzima upande wa pili, kila upande ukiingia angalau sentimita mbili. Ncha ya nailoni isiwe na kona kali: ipitishe kwenye msasa laini ili isiukate mpira kwa ndani. Mpango huu una faida kuliko ule wa kiwandani, kwa kuwa mtikisiko wote kati ya injini na bodi sasa unabebwa na mpira, na nailoni iliyobaki inapumzika. Ikiwa paipu inapita juu ya kitu chenye moto mwingi au inapinda kwa kona ya ghafla, usinyooshe mpira mrefu mahali hapo. Mpira laini hujifyonza ukazibana kuta zake, hasa penye kona, na ukishajifyonza dalili zake ni zilezile za paipu iliyozibwa.

Aina ya mpira ina uzito hapa. Mpira wa silikoni huvumilia joto vizuri sana na hufaa kwa vakyumu kavu, yaani ile inayokwenda kwenye sensa ya shinikizo au kwenye vali ya kudhibiti. Lakini silikoni ya kawaida huvimba na kulegea inapokutana na oili au mvuke wa petroli, kwa hiyo haifai kwenye paipu ya kupumulia wala kwenye paipu inayotoka katika kopo la makaa linalonasa mvuke wa tangi. Huko tumia mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta, wa nitraili au wa aina bora zaidi ya floro. Mpira wa maji ya rejeta, ambao kwa kawaida ni wa EPDM (aina ya mpira wa kutengenezwa), haufai kabisa penye oili: huvimba, hulainika na mwisho huachia. Ni kosa la kawaida kwa sababu ni mnene, ni imara mkononi, na kipande chake hakikosekani kwenye sanduku la vifaa.

Ikiwa injini yako ina tabo, yaani mashine inayoisukumia hewa, ongeza jambo moja. Kwenye injini isiyo na tabo, mvuto wa manifoldi husaidia kuibana paipu kwenye mdomo wake, na mpira uliokaza hukaa hata bila klipu. Kwenye injini ya tabo, paipu ileile hupata mvuto ukiwa sailensi na msukumo ukikanyaga mafuta, na msukumo huo unaitoa kama kizibo. Kila kiungo kiwe na klipu.

Kiwiko cha paipu ya kupumulia ni cha kubadilishwa. Umbo lake limeundwa kupita mahali hapo na si kwingine, na mvuke wa oili uliopita ndani yake miaka yote umekiathiri chote, kwa hiyo sehemu yake nzima huwezi kuipata hata ukikata. Ukipata kipya cha kiwandani, kisafishe mdomo kinakoingia, kwa sababu masizi magumu ya oili huwa yamebaki pale na ndiyo yatakayokivunja kiwiko kipya unapokisukuma. Usipokipata, kiwiko cha mpira wa mafuta kilichofinyangwa kwa nyuzi 90, chenye kipenyo sahihi, kinaweza kushika nafasi yake kwa usalama. Angalia jambo moja kabla hujakitupa kile cha zamani: ndani ya baadhi ya viwiko hivi kuna tundu dogo la kudhibiti kiasi cha mvuke, au vali ya upande mmoja, na ukiweka mpira mtupu usio na kitu hicho injini itavuta hewa na oili kupita kiasi. Kitazame kwenye mwanga. Kama huoni upande wa pili vizuri, kuna kitu ndani.

Kiungo cha T cha hita ni rahisi zaidi. Nunua kipya, cha plastiki au cha shaba, chenye vipenyo vilevile. Mipira mingi ya hita ina kipenyo cha ndani cha milimita 16 au 19, lakini pima badala ya kukisia. Mimi huchagua shaba nikiipata, ingawa ya plastiki pia itadumu miaka. La muhimu ni kwamba kila mkono wa kiungo hicho uwe na ukingo ulioinuka karibu na ncha yake, kwa kuwa ukingo huo ndio unaozuia mpira kuteleza. Klipu ikae nyuma ya ukingo, upande wa ndani, isikae juu yake, na mpira upite ukingo kwa sentimita mbili au zaidi. Lowesha kwa maji ya rejeta yenyewe ili mpira uteleze. Usipake grisi wala oili, kwa sababu tumeshaona zinavyoufanya mpira wa EPDM. Ncha ya mpira wa zamani ikiwa imepanuka au ina mikwaruzo ya klipu ya awali, ikate kwa sentimita moja, mradi urefu unaruhusu bila kuuvuta ukakaza.

Klipu zenyewe zinastahili neno. Klipu ya skrubu haitambui mpira ukilegea. Ukiikaza leo kwenye mpira mpya, mpira utakaa na kujibana, na klipu itabaki pale ulipoiacha. Klipu ya springi hufuata mpira unapopanuka na kusinyaa, na ndiyo sababu viwanda vingi huiweka kwenye maji. Kama ya awali bado ina nguvu, irudishe. Juu ya mdomo wa plastiki wa zamani, klipu ya skrubu ikazwe kwa vidole viwili kwenye bisibisi fupi, isikazwe kwa soketi ya mpini mrefu. Nimeona midomo ya rejeta iliyostahimili miaka 20 ya joto ikapasuliwa kwa nusu mzunguko wa mwisho. Na kamwe usifunge klipu moja kwa moja juu ya paipu ya nailoni ukidhani utaziba pengo: nailoni ngumu haibonyei ikaziba, inapasuka.

Sasa paipu ya busta ya breki, yenye ufa kama unywele. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa. Badilisha paipu nzima pamoja na vali yake ya upande mmoja, kama vali hiyo imejengwa ndani yake, na upate ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye ukuta usioweza kufyonzwa ukajifunga. Ukiwa sailensi, injini ya petroli iliyo na afya hutoa mvuto wa takriban kilopaskali 60 hadi 70 chini ya shinikizo la hewa, na mvuto huo ndio unaoufanya mguu wako uwe na nguvu za kutosha kwenye breki. Ufa ukifunguka siku unayohitaji kusimama ghafla, breki hazipotei, lakini kanyagio hugeuka kuwa gumu kama jiwe, na dereva asiyelitegemea hilo hudhani limekwama. Ukishaweka mpya, zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi kanyagio liwe gumu, liendelee kukanyagwa kwa nguvu ya wastani, kisha washa. Linatakiwa lishuke kidogo chini ya mguu wako injini inaposhika. Lisiposhuka, kiungo kinavuja au vali imewekwa kinyume.

Hukutaja paipu za petroli, lakini ikiwa ulizigusa ili kufikia tapeti kava, kuna mambo hayaruhusiwi. Katika injini nyingi zenye nozeli kwenye manifoldi, petroli huwa katika shinikizo la bar 3 hadi 4. Mpira uliovishwa juu ya nailoni laini isiyo na meno wala ukingo utatoka, hata ukifungwa klipu mbili, na utakapotoka petroli itarushwa juu ya ekzosti. Kiungo kinachokubalika ni chenye meno, kilichotengenezwa kwa paipu za nailoni za mafuta, na mpira, kama upo, uwe wa daraja la nozeli: alama SAE J30R9 huchapishwa ubavuni mwake. Ule wenye alama J30R7 ni wa shinikizo dogo la kabureta. Kabla ya kufungua, toa fyuzi au relei ya pampu ya mafuta, washa injini iendeshwe na mafuta yaliyobaki hadi izime yenyewe, kisha ondoa waya hasi wa betri. Hata hapo, funika kiungo kwa kitambaa unapokifungua.

Viungo vya kubofya, ambavyo huachia ukiminya masikio mawili ya plastiki pembeni, vina siri moja inayookoa wengi. Usianze kwa kuvuta. Sukuma kiungo ndani kwanza, kana kwamba unakifunga zaidi, ili mzigo uondoke kwenye meno ya ndani. Minya masikio kikiwa kimesukumwa, ndipo uvute kwa mstari ulionyooka huku ukikizungusha kidogo kulia na kushoto. Vumbi lililoganda humo hulifanya sikio la plastiki kavu lisirudi nyuma, kwa hiyo lioshe kwanza kwa maji au kisafishio kisichodhuru plastiki. Wakati wa kurudisha, weka oringi mpya, ya floro kwa petroli na ya EPDM kwa maji ya rejeta. Ilowanishe kwa tone la kile kinachopita humo, usukume hadi usikie mlio wa kufunga, kisha uvute nyuma kwa mkono. Mlio peke yake hautoshi: katika kiungo cha zamani, jino lililovunjika nalo hulia.

Kwa mipira iliyoganda juu ya midomo ya plastiki, acha tamaa ya kuitoa mizima. Mpira ni wa bei ndogo, mdomo si wa bei ndogo. Upasue kwa urefu, kwa wembe ulioulaza ili usikwaruze mdomo, kisha uumenye. Mkwaruzo mmoja unaokwenda kwa urefu wa mdomo ni njia ya kuvujia ambayo klipu haitaiziba. Ukiamua kujaribu kuutoa mzima, fanya hivyo injini ikiwa vuguvugu, uzungushe kwanza hadi uachie, na usiuvute kwa pembe. Mfumo wa maji usiufungue ukiwa wa moto.

Ukishaunganisha kila kitu, linganisha njia za paipu na picha ulizopiga kabla ya kufungua, au na mchoro wa vakyumu ulio chini ya boneti kama gari lako linao. Washa injini na usikilize. Kipande cha mpira cha nusu mita, ncha moja karibu na sikio na nyingine ikitembezwa juu ya viungo, hudaka mluzi mwembamba ambao sikio tupu halisikii. Wapo wanaopuliza kisafishio cha kabureta juu ya viungo ili waone sailensi ikibadilika. Mbinu hiyo hufanya kazi, ila kimiminika hicho huwaka, na ekzosti iko pale pale. Ukungu wa maji kutoka kwenye chupa ya kupulizia huonyesha matundu makubwa bila hatari hiyo, na mashine ya moshi huonyesha yote, kama fundi aliye karibu nawe anayo.

Injini yenye sensa ya kupima hewa inayoingia, ikivuta hewa kupitia ufa ulio kati ya sensa hiyo na injini, hupata hewa isiyohesabiwa: huanza kumisi (kukosa moto mara kwa mara) ikiwa sailensi, na taa ya injini huweza kuwaka na kuacha msimbo P0171, wa mafuta machache kuliko hewa, au P0174 kwa upande wa pili wa injini yenye pande mbili. Injini inayopima shinikizo la manifoldi badala ya hewa yenyewe kwa kawaida haimisi. Sailensi yake hupanda tu na kukaa juu. Ukiwa na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, tazama marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Yakibaki juu ya asilimia 10 ukiwa sailensi na kushuka ukiendesha kwa kasi, hewa bado inaingia mahali fulani, na mtuhumiwa wa kwanza awe kiungo ulichokigusa mwisho.

Kwa upande wa maji, jaza polepole na utoe hewa kama mfumo unavyotaka, acha injini ifikie joto lake hadi feni iwake, izime, kisha uiache ipoe kabisa kabla ya kufungua kifuniko na kuongeza kilichopungua. Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, pitisha karatasi kavu nyeupe chini ya kila kiungo kipya, kwa sababu kiungo kinachovuja kikiwa cha baridi mara nyingi hujiziba chenyewe injini inapopata moto. Baada ya siku chache za kuendesha, kaza tena klipu za skrubu kwa robo mzunguko zikiwa baridi, kwani mpira mpya utakuwa umeshajibana. Zile paipu ambazo kisu kilikuonyesha chembe lakini hazijavunjika, agiza sasa ukazivishe siku yako ya mapumziko.